Nilimwambia Kanali Akinyoa Ndevu

Siku ile tulikuwa tunaezeka nyumba ya mdogo wangu Danieli, kule milimani Mamboya. Mimi nilikuwa juu ya paa, Danieli yuko chini ananirushia mafungu ya nyasi, na Edina, mke wake wa miezi mitatu, alikuwa nyuma ya nyumba anapika makande. Kila baada ya muda alitoka na mwiko mkononi, akatazama juu, akasema upande wangu umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Sijawahi kuwa mtu wa kutulia kwenye kazi moja mpaka iishe. Hata sasa nina miaka sabini, na nikikaa kwenye kiti dakika kumi naona kama kimenichoka.

Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimepanda kutoka Kilosa mjini. Nilikuwa karani wa simu ya upepo pale stesheni ya reli. Danieli naye alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, anasomba pamba na mahindi, na lori lenyewe alikuwa ameliegesha kando ya njia ili watu wa Mamboya walione.

Karibu na saa sita tukasikia gari linapanda kilima. Ilikuwa Landrova ya jeshi, na ndani yake Luteni Kanali Nehemia Lugome, aliyekuwa anakwenda kumwona mama yake. Wazee waliokuwa wanapita walisimama pembeni wakavua kofia. Babu yake alikuwa chifu wetu, baba yake akawa chifu wa mwisho kabla serikali haijafuta uchifu. Yeye hakurithi kiti chochote, alirithi kimo na namna ya kusimama. Akisimama mahali, wengine walijikuta wamejipanga.

Kila mtu alimpa shikamoo. Mimi peke yangu sikumpa, na nilikuwa na haki hiyo.

Inabidi nieleze. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Akifa mtu wao, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaomshusha, na tunaofanya mzaha pale pale kaburini mpaka waliofiwa wapate kupumua. Akifa mtu wetu, wao hufanya vivyo hivyo. Mtani husema lolote, mbele ya yeyote, na hakasirikiwi. Anayekasirika ameaibika, na anayeshindwa mzaha ameaibika zaidi, kwa sababu aibu hiyo itasimuliwa kwenye misiba yote ya ukoo wake, na wajukuu wake wataisikia.

Kwa hiyo niliteremka kwenye paa, nikamvua kofia yake ya kijeshi, nikaivaa mimi.

"Chifu," nikamwambia, "wenzako wanabeba nyasi tangu asubuhi, wewe ndiyo unaamka?"

Akacheka. Akainama na nguo zake zilizopigwa pasi, akainua fungu la nyasi, akampa Danieli. "Nabeba, mtani. Nataka mahali pa kufikia nitakapokuja kukuzika."

Alikula makande ya Edina akiwa amesimama, akayasifu, akadai kofia yake, akaondoka. Danieli alitamba wiki nzima kwamba nyumba yake imeezekwa na chifu.

Vita vilitangazwa wiki chache baadaye. Tulisikia redioni, watu wamejazana kwenye duka moja la kijiji cha Mabwerebwere. Adui alikuwa ameingia Kagera, mbali kabisa na sisi. Nakumbuka nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa kijana, nimechoka kupokea habari za mabehewa, na nilidhani vita ni mahali pa kwenda.

Magari yalikusanywa nchi nzima, ya serikali na ya watu binafsi. Kanali Lugome mwenyewe alifika Kilosa kuyachukua. Danieli aliambiwa akabidhi funguo za lori arudi nyumbani, askari wataliendesha. Akasema lori lile lina gia ya pili inayotaka kubembelezwa na hakuna mwanajeshi anayejua kubembeleza. Kanali akamtazama, akacheka, akasema basi apande nalo. Akanigeukia mimi. "Na wewe mchimba kaburi, mashine zako za stesheni unazijua. Huko mimi nina redio na sina watu."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Edina alishuka Kilosa kutuaga. Alimuuliza Danieli mambo mawili tu, kama amechukua sweta na kama lori litarudi kabla ya msimu wa kupanda.

Sitasimulia vita vyote. Walioviona wanavijua, na wasioviona hupenda sehemu za mizinga. Mimi nilichokiona zaidi ni tope. Nilikaa nyuma ya kiti cha Kanali na redio mapajani, waya masikioni, nikisikia watu wanaitana kwa majina ya uongo. Nyuma yetu alikuwa Danieli na lori lake, ambalo sasa lilikuwa limepakwa rangi ya majani na kubeba askari badala ya pamba. Kila asubuhi alikisafisha kioo cha mbele kwa kitambaa na maji, hata mvua ikiwa inanyesha. Askari walimcheka.

Kanali alikuwa kamanda mzuri. Lazima niseme hivyo, maana nitasema na mengine. Alikula baada ya askari. Alijua majina ya watu. Mzinga ukilia karibu, wote tulilala chini na yeye akasimama, anasubiri tuinuke. Sikuelewa wakati ule kwamba mtu anaweza kusimama hivyo kwa sababu hajui namna ya kulala mbele ya watu.

Utani wetu haukukoma. Askari waliupenda. Nilikuwa mtu pekee katika kikosi kile aliyeweza kumwambia kamanda kwamba amekosea. Wakiona naelekea kwake walisogea karibu wasikie. Nilizoea kusikilizwa, nikanogewa.

Tulikuwa tumeshavuka mpaka siku nyingi tulipofika kwenye kijiji kimoja cha migomba. Mbele yake barabara ilishuka kwenye bonde la matete, ikapita juu ya tuta la udongo, ikapanda upande wa pili. Tulikuwa na amri ya kufika njia panda kabla ya saa sita mchana. Watu wetu wa kutegua mabomu walikuwa nyuma, wamekwama kwenye daraja lililovunjika.

Asubuhi nilikwenda kuomba maji kwenye nyumba moja. Bibi mmoja alinipa, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuungaunga kama tutapita bondeni.

Nikamwambia ndiyo.

Akasema tusipite. Askari waliokuwa wanakimbia walishinda pale na majembe, wakafukia vitu. Jana yake ng'ombe wa jirani alikwenda kunywa maji, akapasuka.

Nikamuuliza umemwona kwa macho? Akasema nyama yake ilikuwa juu ya matete. Akanionyesha na njia nyingine, ya miguu, inayozunguka kilima. Kwa njia ile tungechelewa nusu ya siku, na magari yangebaki mpaka watu wa mabomu wafike.

Nilirudi mbio.

Kanali alikuwa ananyoa ndevu. Alikuwa amejipaka povu, anajitazama kwenye kioo cha pembeni cha Landrova. Askari walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakinywa chai, na waliponiona nakwenda kwake walianza kutabasamu kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeushika waya wa redio mkononi na sikujua kwa nini nimeubeba. Nilitaka kumwambia barabara imetegwa. Hayo ndiyo maneno, ni mawili tu.

Nilichosema ni hiki: "Chifu, maliza kunyoa urudi kwa mama yako ukanywe uji. Bonde lile limepandwa mabomu. Ukipita, leo sisi wachimba kaburi hatulali njaa."

Askari wakacheka.

Kanali akanitazama kwenye kioo. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akacheka na yeye.

"Tangu nizaliwe mnanisubiri nife," akasema. "Leo hamnipati." Akajifuta povu kwa taulo. "Tunaondoka."

Hakumruhusu dereva wake kushika usukani. Aliingia mwenyewe, mimi nikaingia nyuma yake, na tukatangulia mbele ya wote.

Tukashuka.

Tukaingia kwenye tuta. Niliona mahali udongo ulipokuwa na rangi tofauti. Nikakunja miguu kitini, eti itasaidia.

Tukapita.

Tulianza kupanda upande wa pili. Kanali akageuza kichwa, akasema, "Unaona, mtani?"

Lori lilikuwa zito, na tairi zake ni pana.

Sikusikia mlipuko kama watu wanavyousimulia. Nilisikia redio imenyamaza. Nilipogeuka, lori lilikuwa limelala ubavu na moshi unatoka mahali pa Danieli.

Walikufa watano. Yeye na wanne waliokaa mbele ya bodi.

Tuliwazika mchana ule ule, kwenye ardhi kavu juu ya bonde. Miaka ya baadaye serikali iliwahamisha, ikawajengea mahali pa heshima, lakini kaburi ninalolijua mimi ni lile la kwanza. Askari walianza kuchimba, na Kanali akaja, akachukua sepetu mkononi mwa mmoja wao, akavua shati. Mafundi wa redio, madereva na maofisa wote walisimama wakashangaa. Mimi sikushangaa. Mtu wa ukoo wetu alikuwa amekufa, na mtani wake ndiye anayechimba. Alichimba kaburi la Danieli peke yake mpaka kina cha kifua. Alimpokea Danieli kwa mikono yake akamlaza.

Halafu akasimama mle shimoni, anatokwa jasho, akanitazama. Nilijua anachotakiwa kufanya. Na yeye alijua.

"Huyu mtani wangu mvivu," akasema. "Amekufa asubuhi ili asisukume lori jioni."

Nikacheka. Mwili ulicheka wenyewe, kwa mazoea ya ukoo, na machozi yanatoka. Askari waliokuwa hawajui mila zetu walitutazama kama watu waliorukwa na akili. Nilimshukuru kwa mzaha ule na nilimchukia kwa mzaha ule, yote kwa wakati mmoja, na hayo mawili hayajawahi kuachana.

Vita vilikwisha. Nilirudi Kilosa, nikapanda Mamboya. Edina alikuwa amekwishapata barua. Nilimkuta ameondoa nyasi za upande wangu wa paa na kuziezeka upya, mwenyewe. Aliniuliza swali moja.

"Shemeji, kuna mtu aliyejua kwamba pale pana bomu?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia vitani hakuna anayejua lolote.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuolewa tena. Alifundisha watoto shule ya Jumapili kanisani, akalima, akanipikia nilipopanda kumsalimia, na akaendelea kuniita shemeji. Nilipanda mara nyingi mno. Nilibeba chumvi, mafuta ya taa, habari za mjini, kitu chochote cha kunipa sababu, na nikifika nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka. Kazi ya stesheni niliiacha. Nikatengeneza redio, nikaacha, nikauza vipuri vya baiskeli, nikarudia redio. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema nyumbani kwetu viti ni vya wageni tu.

Swali langu lilikuwa moja: je, Kanali alijua? Kama alidhani natania, basi mdomo wangu ndio uliomuua Danieli. Kama alijua ni kweli, basi ni yeye. Niliugeuza uso ule wa kwenye kioo, wenye povu, kwa zaidi ya miaka arobaini. Siku nyingine uliniambia anajua, siku nyingine hajui.

Yeye alipanda cheo, akateuliwa kuwa mkuu wa mkoa, mikoa miwili mfululizo, yote mbali na kwetu. Niliwahi kumtembelea katika mkoa wa pili. Alinikaribisha ofisini mbele ya maofisa wake, nikakaa kwenye kiti chake cha nyuma ya meza kabla hajakaa yeye, nikamwagiza alete chai. Wale maofisa walitoka jasho. Yeye alicheka, akaileta chai mwenyewe. Siku mbili alinichukua kwenye ziara zake, na huko ndiko nilikoona jambo ambalo watu wa mkoa ule walilisifu sana. Msafara ukifika darajani, hata daraja la zege, alisimamisha magari yote, akashuka, akavuka kwa miguu peke yake mpaka ng'ambo. Kisha akapunga mkono, magari yakafuata. Watu walisema ni unyenyekevu, wengine wakasema ni mila ya machifu wa kwao. Diwani mmoja alinieleza kwamba kiongozi anaisalimu ardhi kwanza. Kwetu hakuna mila hiyo.

Aliporudi garini, suruali ina vumbi mpaka magotini, tulitazamana. Ningeweza kumuuliza pale. Badala yake nikamwambia, "Chifu, umenenepa, daraja limelia." Akacheka. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Alipostaafu hakurudi Mamboya. Alijenga upande wa Mikumi, nje kidogo ya mji, mahali ambapo tembo huingia mashambani na magari makubwa ya Zambia hupita mchana kutwa. Nilimuuliza kwa nini amechagua kelele. Akasema kimya kinamchosha. Nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Mwaka jana binti yake alinipigia simu. "Shikamoo baba. Mzee anakuita. Anasema mtani aje kabla hajachelewa kazini."

Nilikwenda siku ile ile. Nilimkuta barazani, amefunikwa blanketi, amekonda, lakini mgongo wake bado umenyooka. Tembo walikuwa wamevunja migomba yake na hakuna aliyeisafisha. Nilikaa, nikasimama, nikakaa.

"Tulia," akasema. "Leo sitanii."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Ile asubuhi nilijua hutanii," akasema.

Nikamuuliza, "Ulijuaje?"

"Mkono wako. Ulikuwa umeshika waya wa redio, na redio yenyewe huna."

"Sasa kwa nini ulicheka?"

Aliyasubiri malori matatu yapite barabarani. "Uliniambia nirudi kwa mama yangu. Mbele ya askari wangu wote, na wewe ni mchimba kaburi wetu. Ningerudi, siku yangu ya kufa ungesimama pale juu ukawaambia watu mtoto wa chifu alirudi kunywa uji. Na wanao wangewazika wanangu kwa hadithi hiyo." Akavuta blanketi. "Ungeniita pembeni, Stefano. Ungesema, afande, barabara imetegwa. Ningepita kilimani."

Nilikasirika. Nilisahau kwamba mtani hakasiriki. Nilimwambia watu watano walikufa kwa sababu ya aibu yake, na sasa amekaa barazani ananitwisha mimi.

"Sikutwishi," akasema. "Nakugawia."

Nikainuka nikaondoka bila kuaga. Nilifika Kilosa, nikapitiliza nyumba yangu, nikatembea mpaka daraja la mto Mkondoa nikarudi, mara mbili. Nilikuwa nimepata jibu nililolitafuta miaka yote na lilikuwa limekatwa vipande viwili. Hata hivyo nilishika kipande chake tu. Alijua. Hilo nilitembea nalo kama mtu aliyeshinda kesi: alijua, na akapita.

Alikufa mwezi uliofuata. Aliacha usia azikwe Mamboya, na kaburi lichimbwe na sisi.

Tulichimba watu wanne wa ukoo wetu, mimi nikiwa mkubwa wao. Madaktari wamenikataza kushika sururu. Nilishika. Serikali ilikuja na magari yake, jeshi likaja na bendera na bunduki za kutoa heshima, padri akaja, na milima yote ikajaa watu. Walisoma maisha yake: mtoto wa chifu, askari, kamanda, mkuu wa mkoa, mzee wa kanisa. Walisema hakuwahi kurudi nyuma hata siku moja. Jeneza lilipofika kaburini nikasimama mbele yake, nikalizuia. Wageni wa mjini walishtuka. Watu wa kwetu wakaanza kutabasamu na kusogea karibu.

Nilikuwa nimevaa koti lake la zamani, nimeshika fimbo yake, kama mtani anavyopaswa. Nilisimama kwa namna yake ya kusimama, wakacheka. Nikapunga mkono kuyaita magari yavuke, wakacheka zaidi. Kisha nikaona nimechoka.

"Mnamsifu huyu," nikasema. "Mimi nilimwambia barabara ina mabomu. Nilimwambia kwa mdomo huu, yeye ananyoa ndevu. Alijua ni kweli. Akapita. Mimi nikapona, yeye akapona, akafa Danieli mdogo wangu na wenzake wanne. Huyo ndiye chifu wenu."

Nilisubiri.

Walicheka. Walicheka kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, wakapiga makofi. Afisa mmoja wa jeshi alivua miwani kufuta machozi. Binti yake Kanali alicheka huku analia, akaja akanishika mkono akanishukuru. Nilitaka kurudia, niseme sasa sitanii, lakini yeye alikuwa amewahi kuitumia ruhusa hiyo barazani, na kwangu, mtani aliyesimama kaburini, haikuwepo. Nikasogea pembeni. Tukamshusha.

Edina hakucheka. Nilimwona ng'ambo ya kaburi, kati ya akina mama wa kanisa, na kitambaa chake cheupe kichwani. Alikuwa ananitazama bila kupepesa.

Alinifuata baadaye kisimani, nikiwa naosha udongo miguuni.

"Uliniambia hakuna aliyejua," akasema.

"Nilikudanganya, shemeji."

"Ulimwambia Kanali."

"Nilimwambia. Alijua. Amekiri kwangu mwenyewe, Mikumi, mwezi uliopita." Nilikuwa na haraka ya kumpa kile kipande nilichokishika. Nilimweleza yote, bibi wa maji, povu, uji wa mama yake, vicheko, na yale ya barazani. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na Danieli wakati huo alikuwa wapi?"

"Kwenye lori. Anasafisha kioo."

"Mbali?"

"Hapana. Hatua kama kumi na tano."

"Yeye ulimwambia nini?"

Nataka niandike kwamba nilikuwa nimesahau. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa sijawahi kuitazama sehemu ile, kwa sababu macho yangu yote, miaka yote, yalikuwa kwenye uso wa Kanali. Nilipotoka kwake nilipita mbele ya lori kwenda kuchukua redio. Danieli alikuwa amesikia askari wanacheka. Aliniuliza, kitambaa mkononi, kaka, kuna nini huko? Nami nilikuwa bado na joto la kile kicheko, nimesikilizwa na kikosi kizima.

"Nilimwambia nimemtania chifu," nikamjibu Edina. "Akacheka. Akapanda lori."

Danieli hakuwa chifu wala mtani wangu. Alikuwa mdogo wangu, na kwake nisingehitaji mzaha. Angeweka kitambaa chini, angemwendea Kanali, angesema gia ya pili imegoma, angesema chochote. Au asingesema, angepita vilevile kwa kuwa ni amri. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Edina alinitekea maji ya pili, akanimwagia miguuni mpaka udongo wote ukatoka. Akasema nikale, chakula cha msibani kinapoa.

Bado napanda Mamboya. Bado ananipikia. Miaka yote ile aliniita shemeji. Sasa ananiita mzee Stefano, kwa heshima, kama anavyowaita wazee wengine pale kanisani.